Kuchagua Kadi ya Grafiki kwa Mwenye Fedha Kidogo

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Katika likizo ya Desemba iliyopita kaka yangu, akaaye Tandika, wilaya ya Temeke, alinunua kadi ya grafiki ili aweze kucheza michezo katika kompyuta yake. Fedha alikuwa amezidunduliza muda wa miezi minane. Alipofika nyumbani na kulifungua kasha la kompyuta, kadi haikuingia. Alirudi dukani, akaambiwa kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Mama hakusema neno, lakini sote tulijua kwamba fedha zile zingetosha kuezeka chumba cha uani. Kwa hiyo nimeona yafaa niandike haya, ili wenzangu wasipatwe na hasara kama ile.

Kwanza tujue kadi hii yafanya kazi gani. Kioo chenye nukta 1920 kwa 1080 kina nukta zaidi ya milioni 2, na mchezo hutaka zote zipakwe rangi upya mara 30 au 60 kila sekunde. Prosesa ina akili nyingi lakini mikono michache. Kadi ya grafiki ina mikono mamia, kila mmoja ukifanya hesabu ndogo kwa wakati mmoja, kama bweni zima likifyeka uwanja badala ya mtu mmoja.

Wengi wetu hatununui kompyuta mpya. Twanunua zile zilizokwisha tumika maofisini, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ambazo huuzwa Kariakoo na kwingineko. Mwenye kompyuta ya namna hii hapana budi aangalie mambo manne kabla ya kutoa fedha yake.

La kwanza ni nafasi. Kasha jembamba hupokea kadi za kimo kifupi tu. Chukua rula, pima ndani ya kasha, kisha nenda dukani na vipimo vyako.

La pili ni umeme. Tundu la kadi katika mazabodi hutoa wati 75, wala si zaidi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo yahitaji waya wake kutoka katika pawasaplai, na kompyuta nyingi za ofisi hazina waya huo. Kwa sababu hii RX 580 ya mwaka 2017, ambayo hutumia wati 185 hivi, haifai humo hata ukiuziwa kwa bei ya kutupwa. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye gigabaiti 4, yatosheka na wati 75, na iko ya kimo kifupi. GTX 1650 ya mwaka 2019 ina nguvu zaidi, lakini baadhi yake hutaka waya, itazame kwanza.

La tatu ni kioo. Vioo vya zamani vina tundu la VGA tu, na kadi hizi mbili hazina tundu hilo. Weka akiba ya kununulia kigeuzi.

La nne ni ukweli wa mali. Jina peke yake halitoshi. GT 1030 ya mwaka 2017 ilikuwa na kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye DDR4, jina lile lile, nayo ni nzito mno katika michezo. Tena wako wadanganyifu wanaochukua kadi kuukuu na kuibadili programu yake, ili ijitangaze kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kufichua hila hiyo. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, mchezo uende nusu saa. Ukiona michirizi kiooni, au feni ikikwaruza, shukuru uende zako. Ukinunua, dai risiti yenye jina la kadi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena, usikimbilie kadi kabla ya kutazama ramu. Mchezo wa GTA V uliotoka kwa kompyuta mwaka 2015 ulipendekezewa ramu ya gigabaiti 8 na kadi ya gigabaiti 2. Mwenye ramu ya gigabaiti 4 aongeze hiyo kwanza. Itamfaa hata katika masomo.

Kaka yangu aliiuza kadi ile kwa hasara kwa kijana wa Mwananyamala mwenye kasha kubwa. Baadaye alinunua GTX 1050 Ti fupi, safari hii akiwa na rula yangu mfukoni, nayo yafanya kazi mpaka leo. Mimi mwenyewe sitaigusa mpaka mtihani wa Novemba upite. Hilo ni agizo la Mama.

Wenzangu, kuuliza si ujinga. Pima kwanza, ndipo ununue.