Moto Uliofunikwa kwa Majivu

Mwezi wa Septemba mji wa Morogoro huwa mkavu. Mvua za masika zimekwisha kusahaulika, za vuli hazijaanza, na nyasi katika miteremko ya milima ya Uluguru zimekuwa na rangi ya karatasi kuukuu. Ndio msimu ambao kila ua hufagiwa asubuhi, taka zikalundikwa pembeni, na jioni kibiriti kikawashwa. Jumamosi moja nami nilifanya hivyo. Nilichoma majani ya mwembe, mwali ukafifia, nikamwaga ndoo nzima ya maji juu ya lundo, kisha nikaingia ndani kula chakula cha usiku.

Jumatatu, saa nane mchana, banda la jiko la jirani yangu liliungua. Lilikuwa la miti na paa la makuti, hatua kumi na tano kutoka kwenye lundo langu. Hakuumia mtu, lakini magunia mawili ya mahindi, ambayo bibi yule alikuwa ameyaweka darini hadi mavuno mengine, yaliteketea yote. Alipokuja kupiga hodi hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mwalimu, moto wako umekuja kunitembelea."

Nilikuwa nimesoma miaka mingi ng'ambo habari za hewa na joto, hata nikapewa shahada ya udaktari kwa elimu hiyo. Kwa hiyo yanipasa nieleze, walau kwa maandishi, jinsi moto uliomwagiwa maji ulivyoweza kuishi zaidi ya saa 40.

Kuungua kuko kwa namna mbili. Ya kwanza ni ile ya mwali: joto hulitoa jani gesi zake, nazo gesi hizo ndizo zinazowaka hewani, juu ya jani lenyewe. Ya pili ni kufukuta. Hapa hakuna mwali. Oksijeni hukutana na kaa moja kwa moja, usoni pake. Moto wa kufukuta huhitaji hewa kidogo sana, nao hutambaa polepole mno ndani ya lundo, pengine milimita chache tu kwa dakika au pungufu ya hapo. Hata hivyo joto lake mara nyingi hufikia nyuzi 500 hadi 700 za Sentigredi, na joto hilo hutunzwa na majivu. Majivu yamejaa vijitundu vya hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Bibi zetu walilijua jambo hili bila kwenda chuo kikuu: usiku walifukia kaa majivuni, na alfajiri walilifukua, wakalipuliza, likawaka. Huko Ulaya katika karne za kati, kengele ilipigwa jioni mijini ili kila mtu afunike moto wake kabla ya kulala. Neno la Kiingereza la amri ya kutotoka nje usiku, curfew, lilitokana na maneno ya Kifaransa cha kale yenye maana ya kufunika moto.

Basi mimi niliufunika moto wangu nikidhani nimeuzima. Maji yalilowesha tabaka la juu, yakatengeneza ukoko, kisha yakafuata njia rahisi ya kuteremka. Katikati ya lundo palibaki pakavu. Jumatatu upepo wa mchana ulivunja ukoko ule, oksijeni ikaingia, cheche ikaruka, na makuti makavu hayahitaji cheche mbili. Kuuzima moto wa namna hii ni kuutawanya, kuumwagia maji huku ukiukoroga kwa jembe, na kurudia mpaka unapousogezea mgongo wa kiganja usihisi vuguvugu lolote.

Kanuni za uchomaji katika miji mbalimbali duniani hufanana kwa mambo manne: umbali kutoka kwenye majengo, maji karibu, mtu mzima wa kulinda, na saa ya kuchoma. Matatu ya kwanza hayana ubishi. Hilo la saa ndilo lenye utata, nalo ndilo nililolisomea.

Upepo huwa na nguvu zaidi alasiri, wakati ardhi imepata joto na hewa inapanda na kushuka kwa fujo. Hivyo mtu anayeogopa moto atasema: choma jioni, upepo ukitulia. Lakini jua likizama ardhi hupoa haraka, na hewa iliyo karibu nayo hupoa pamoja nayo. Hewa baridi ni nzito. Hubaki chini, na hewa yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko juu ya sufuria. Katika mji ulio chini ya mlima hali huzidi, kwa kuwa hewa baridi huteremka kutoka miteremkoni na kujikusanya bondeni. Moshi wa jioni hauna pa kwenda. Asubuhi mtu akisimama Bigwa akautazama mji, huuona umelala juu ya mapaa kama shuka. Ndani yake mna monoksidi ya kaboni, ambayo hujishika kwenye hemoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5, ambazo pua na koo haziwezi kuzizuia zisifike mapafuni. Lundo linalofukuta hutoa vyote viwili kwa wingi kuliko linalowaka mwali, kwa kuwa kuungua kwake si kamili.

Kwa hiyo saa iliyo salama kwa paa la jirani ni mbaya kwa kifua cha mtoto wake. Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, ambako miji mingi imo mabondeni, kanuni ya uchomaji haitazami saa peke yake. Watabiri wa hali ya hewa hutoa kipimo cha 0 hadi 100 kinachoonyesha uwezo wa hewa kuuchukua moshi na kuutawanya, nacho huhesabiwa kuwa kizuri kuanzia 55. Kisipofika hapo, wenye malundo makubwa kwa kawaida husubiri. Kwetu pengine wakati wenye nafuu ungekuwa saa tatu au nne asubuhi, kifuniko kinapoanza kupasuka na upepo bado haujapata nguvu. Lakini nasema "wenye nafuu" tu. Katika mitaa ambayo nyumba zimebanana kama ilivyo Mji Mpya, sioni saa iliyo njema.

Pembezoni, kule nyumba zinakopanda mlima, kuna hatari ya aina nyingine. Moto upandao mteremko huzielekea nyasi za mbele yake na kuzikausha kabla ya kuzifikia, na kasi yake huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 za mwinuko. Lundo la uani likiponyoka huko, mwisho wake ni msituni Uluguru, na katika milima hiyo ndimo unamoanzia mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam.

Sheria hatukukosa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima juu ya uchomaji wa mimea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Na tangu mwaka 1982 halmashauri za miji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Magari ya zimamoto zamani yalikuwa ya halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 iliyaweka chini ya jeshi moja la taifa, ambalo huitwa kwa kupiga namba 114. Ila sheria hizi ziliandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria mwaka 2021 tu. Mwenye kushika ufagio uani hakuulizwa wala hakusomewa.

Tena kumkataza mtu asichome, hali gari la taka halipiti mtaani kwake, ni kumwachia mzigo bila kumwonyesha pa kuutua. Mimi sipendi amri za namna hiyo. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani katika miji yetu ni mabaki ya chakula na mimea, yaani vitu vinavyooza. Plastiki ni shauri lingine: zile zenye klorini, kama mabomba ya PVC na ngozi za nyaya za umeme, zikichomwa uani hutoa dioksini. Matanuri ya kisasa ya kuteketezea taka hutakiwa kuzidi nyuzi 850 ili kuivunja sumu hiyo, joto ambalo lundo la uani halidumu nalo. Plastiki na zitengwe, zisubiri gari, hata likichelewa.

Banda la bibi tulilijenga upya kwa bati, na magunia mawili niliyalipa. Nyuma ya migomba yangu nilichimba shimo, na majani yote ya mwembe huingia humo pamoja na maganda na samadi kidogo. Bakteria wanapoyala, katikati ya shimo joto hufika nyuzi 60, na asubuhi za baridi mvuke huonekana ukipanda. Mara ya kwanza bibi alipouona alikuja mbio.

"Mwalimu, hapo pana moto?"

Nilifukua kwa jembe nikamwonyesha: hapana kaa, hapana moshi, ni weusi tu wenye harufu ya udongo uliolowa. Aliinama, akapaweka mkono mwenyewe, akauondoa upesi, akanitazama. Kisha akarudi kwake akaleta ndoo ya maji, akaiweka kando ya shimo. Ndoo hiyo ipo hapo mpaka leo, naye huijaza kila Jumamosi.