Panda mhina wako uepuke malengelenge

Ikiwa una arusi nyumbani mwezi huu, msomaji, chungulia kwanza bakuli la mpakaji. Hina halisi haiwi nyeusi tititi. Ikibanduliwa huacha rangi ya chungwa, kisha hukolea kwa siku moja au mbili hadi ikawa kahawia iliyoiva. Ile nyeusi ya haraka ni piko, yaani rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Wapo waliofura kwa malengelenge wakabaki na makovu ya maua yale yale waliyochorwa. Na ngozi ikishaikataa kemikali hiyo, kwa kawaida huikataa maisha, hata ikiwa ndani ya rangi ya nywele ya dukani.

Ndiyo maana inafaa uwe na mhina wako uani. Omba tawi lililokomaa, lenye unene wa penseli, ulichomeke kwenye udongo wenye mchanga. Limwagilie, ulitie kivuli hadi lichipue, kisha ulihamishie juani. Mhina ukishashika mizizi huvumilia ukame, lakini hauwezi maji yaliyotuama wala baridi. Msomaji wa Limuru asijisumbue. Anunue majani makavu kutoka Pwani. Upogoe mara kwa mara utoe matawi mengi. Wengine huupanda uwe ua wa boma, na maua yake madogo hunukia vizuri sana. Jihadhari tu na miiba ya matawi makuukuu.

Majani ukiyachuma, yaanike kivulini, kwa kuwa jua huyapunguzia rangi. Yatwange kinuni, uyachunge kwa kitambaa chepesi. Unga ukiwa na chenga hauchoreki. Changanya na maji ya ndimu mpaka uwe kama uji mzito, ufunike usiku kucha. Ukishapakwa, vumilia saa sita au zaidi, kisha bandua bila kuosha na ujipake mafuta.

Watoto wachanga wasipakwe kabisa. Aliye na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo nadra Pwani, anaweza kuharibikiwa na damu hata kwa hina halisi.

Siku ya arusi, mpe mpakaji bakuli lako. Aking'ang'ania kuongeza kijiko cha unga wake mweusi ili rangi ishike upesi, mpe nauli arudi kwake.