Mpako wa Wagonjwa: Padre Aitwe Mapema

Jimbo Katoliki la Kitale, lililoundwa mwaka 1998, limeenea Trans-Nzoia na Pokot Magharibi, na jirani yake, jimbo la Bungoma la mwaka 1987, lapakana na Mlima Elgon. Basi padre anayeitwa usiku kwenda kwa mgonjwa aghalabu huwa na safari ndefu mbele yake, na kwa kuwa jamaa wengi hawamwiti mpaka dawa zimeshindwa, humkuta mgonjwa hasikii wala haneni. Desturi hiyo, ijapokuwa chanzo chake ni hofu ya mauti, humdhulumu mgonjwa, maana asiyeweza kunena hawezi kuungama, wala asiyeweza kumeza hawezi kupokea Ekaristi.

Waraka wa Yakobo, sura ya 5, huwaagiza wagonjwa wawaite wazee wa kanisa wawaombee na kuwapaka mafuta, nao hautaji kufa bali kuinuliwa na kusamehewa. Karne zilizofuata ziliisogeza ibada hiyo ya mpako hata ikawa ya wanaokata roho. Ndipo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ukafundisha kwamba wakati wake huwadia mara mtu aanzapo kuwa hatarini kwa maradhi au uzee, na Papa Paulo VI, mwaka 1972, akaitengeneza upya: padre hupaka paji la uso na mikono, kwa mafuta ya zeituni au, pasipo zeituni, ya mmea mwingine, ruhusa yenye manufaa makubwa kwetu. Mafuta hayo hubarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma, na kwa dharura padre aweza kuyabariki mwenyewe.

Anayestahili, basi, ni mwenye maradhi mazito, mzee aliyedhoofika, na anayekwenda kupasuliwa kwa ugonjwa wa hatari, awe nyumbani au katika wodi ya hospitali ya misheni kama Ortum; naye akipona kisha akaugua tena, au hali yake ikizidi, hupakwa upya. Mpako si hirizi, wala haushindani na daktari.

Katekista hawezi kupaka, kwa kuwa sheria ya Kanisa imewaachia kazi hiyo mapadre na maaskofu peke yao, lakini ndiye aliye karibu na jumuiya ndogo ndogo, na ujumbe wake ndio humfikisha padre kwa wakati. Nawasihi jamaa, wakiwemo wale wa Kanisa la Friends ambao ibada yao haina mafuta: mgonjwa Mkatoliki akilazwa, mwambieni katekista siku hiyo hiyo, mgonjwa angali aweza kuitikia sala mwenyewe.