Manjano, Sabuni na Ndimu

Mama yeyote aliyepata kufua kanzu nyeupe iliyodondokewa na mchuzi wa manjano aijua ajabu hii: apakapo sabuni, doa hugeuka jekundu kama damu. Wengine hudhani nguo imeharibika. Sivyo. Likikamuliwa ndimu, doa lile lile hurudia rangi yake ya kwanza. Vijana wetu waanzao elimu ya kemia huonyeshwa mfano wa jambo hili kwa karatasi ya litmasi, ambayo tindikali huifanya nyekundu na alkali huifanya ya buluu, nao hukariri rangi hizo wasijue kuwa kipimo cha namna hiyo kimo jikoni mwao.

Ndimu, siki na ukwaju vina tindikali. Magadi, majivu, chokaa na sabuni ni upande wa alkali. Siri yao ni kiini cha hidrojeni, kidogo mno: tindikali hukitoa, alkali hukipokea. Na neno alkali lenyewe ni la Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea ya nchi za chumvi, yaliyotumiwa kupikia sabuni na kutengenezea vioo. Wazungu walilichukua pamoja na "al" yake!

Mwaka 1909 mtaalamu wa Denmark, Søren Sørensen, alitunga kipimo ambacho maji safi husimama kwenye 7. Chini yake ni tindikali, juu yake ni alkali. Kila daraja moja ni mara 10. Basi ndimu, iliyo karibu na 2, huyazidi maji kwa tindikali mara 100,000 hivi.

Tindikali na alkali zikikutana huvunjana nguvu, zikazaa chumvi na maji. Hapa ndipo elimu nusu inapodhuru. Aliyeingiwa na chokaa jichoni asikamuliwe ndimu kwa kudhani itaituliza, kwani kukutana huko hutoa joto, na ndimu nayo huchoma. Aoshwe papo hapo kwa maji safi mengi yapitayo, dakika 20 au zaidi, kisha apelekwe hospitali. Aliyekunywa maji ya betri asitapishwe, yasije yakamchoma koo mara ya pili.

Tena dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isichanganywe na tindikali ya kusafishia choo, wala na siki. Hutoka humo hewa ya klorini ibanayo pumzi, nayo katika choo kilichofungwa yaweza kuua. Ikitokea, mtu atoke nje kwanza. Ndoo ataiacha hapo hapo.