Rangi za Galaksi: Je, ni za Kweli?

Mtazamaji aielekezaye darubini ndogo kwenye galaksi M83, katika kundinyota la Hydra, huona kijiwingu cha kijivu tu. Vitabuni, galaksi hiyo hiyo ina mikono ya buluu iliyojipinda, madoa mekundu na kiini cha manjano. Mwanafunzi ana haki ya kuuliza iwapo anadanganywa.

Lawama ya kwanza ni ya jicho lenyewe. Katika nuru hafifu jicho hutegemea seli zisizopambanua rangi, wala haliwezi kulimbikiza nuru kwa saa nzima. Filamu ya rangi nayo haikufaa sana: ikiachwa wazi kwa muda mrefu, tabaka zake tatu hupungukiwa na wepesi wa kupokea nuru kwa viwango tofauti, na rangi zikapotoka.

Suluhisho lilitokana na jaribio la James Clerk Maxwell la mwaka 1861. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, David Malin, akitumia darubini ya mita 3.9 iliyoko Siding Spring, Australia, alitumia picha tatu zisizo na rangi, kila moja ikiwa imepigwa kupitia kichujio chake: cha buluu, cha kijani na chekundu. Kisha, katika chumba cha giza, alizipachika moja juu ya nyingine kwa nuru za rangi hizo hizo.

Leo kompyuta imeshika nafasi ya chumba cha giza, lakini kanuni haikubadilika. Picha nyingi hujumlishwa na kutafutiwa wastani. Picha 16 hupunguza chengachenga hadi robo. Baadaye sehemu hafifu hukuzwa mwangaza, na rangi hulinganishwa, mara nyingi kwa kuichukua nyota iliyo kama Jua kuwa kipimo cha weupe. Hatua hii ndiyo inayohitaji uaminifu kuliko zote, maana rangi hizo ni vipimo, si mapambo. Wekundu ni nuru ya hidrojeni yenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, mahali nyota zinapozaliwa. Manjano ni ya nyota kongwe. Buluu hutoka kwa nyota kubwa zenye joto la nyuzi zaidi ya 10,000, ambazo maisha yao ni mafupi. Hivyo basi huashiria uzazi wa karibuni. Mtayarishaji akizidisha buluu kwa kupenda uzuri tu, galaksi nzima itaonekana changa kuliko ilivyo.