Magurudumu ya Majira ya Baridi: Je, Yanahitaji Vihisi vya Upepo?



Zipo jumuiya za Wakristo wanaosali kwa Kiswahili huko Marekani, Kanada na Ulaya ambazo mali yao kubwa ni basi dogo la kuchukua waumini. Hilo ndilo linalowaleta kanisani wazee, watoto, na familia za wakimbizi ambazo bado hazina gari. Theluji inapokaribia, kamati hukutana na swali moja katika bajeti: tunaponunua magurudumu ya majira ya baridi, je, kila gurudumu liwe na kihisi cha upepo, au tuokoe fedha hiyo?

Swali linaonekana dogo, lakini ndani yake mna fedha ya sadaka na mna uhai wa watu. Jibu letu kwa kifupi ni hili: kama gari lilitengenezwa likiwa na vihisi ndani ya magurudumu, magurudumu ya baridi nayo yawekewe. Hata hivyo, kihisi hakichukui nafasi ya geji mkononi mwa dereva.

Kwa nini gari liwe na seti mbili

Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki, ambako tairi hutumika mwaka mzima, huenda wakashangaa. Tairi la kawaida la kiangazi huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na likikakamaa halishiki barabara vizuri. Tairi la majira ya baridi lina mpira laini zaidi na mikato mingi midogo inayoshika theluji. Jimbo la Quebec nchini Kanada linadai matairi hayo kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Ujerumani inayadai wakati wowote barabara inapokuwa na theluji au barafu.

Watu wengi hununua matairi hayo pamoja na ringi zake, ili fundi abadilishe gurudumu zima bila kuvua tairi kwenye ringi mara mbili kwa mwaka. Hapo ndipo swali letu linapozaliwa, kwa sababu vihisi vya awali vimebaki stoo, ndani ya magurudumu ya kiangazi.

Mifumo ni miwili

Mfumo wa kwanza una kidude kidogo ndani ya kila gurudumu, mara nyingi kimefungwa kwenye valvu. Kidude hiki hupima upepo na kupeleka taarifa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta ya gari. Upepo ukipungua sana, taa ya njano yenye alama ya mshangao huwaka kwenye dashibodi. Betri yake hudumu kwa kawaida miaka 5 hadi 10. Ikiisha, hununuliwa kihisi kipya.

Mfumo wa pili hauna kitu ndani ya gurudumu. Hutumia vipimo vya mwendo vya breki za ABS. Tairi lililopungua upepo huwa dogo kidogo, kwa hiyo huzunguka haraka kuliko mengine, na kompyuta hulitambua. Wenye gari la aina hii hawana kihisi cha kununua. Wakishabadili magurudumu na kujaza upepo sawasawa, huuanzisha mfumo upya kama kitabu cha gari kinavyoelekeza.

Kwa hiyo, kabla ya kupitisha fedha yoyote, kamati isome kitabu cha gari au imuulize fundi gari lina mfumo gani. Tusilipie kisichohitajika.

Sheria zinasemaje

Marekani ilifika kwenye sheria hii kwa uchungu. Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliagiza matairi yapatayo milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa ya magari ya Ford Explorer, baada ya matairi kubanduka na magari kupinduka. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, NHTSA, iliyahusisha matairi hayo na vifo 271. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya TREAD, iliyodai magari mapya yawe na mfumo wa kuonya kuhusu upepo. Kuanzia Septemba 2007 agizo hilo lilihusu magari madogo yote mapya, pamoja na mabasi madogo ambayo uzito wake na mzigo hauzidi kilo 4,536.

Sheria hiyo haimkatazi mwenye gari kujifungia mwenyewe magurudumu yasiyo na vihisi. Lakini gereji ya biashara hairuhusiwi kulemaza kwa kujua kifaa cha usalama kinachofanya kazi. Mwaka 2011 NHTSA ilifafanua kwamba kufunga magurudumu ya baridi yasiyo na vihisi kwenye gari ambalo mfumo wake ulikuwa mzima huhesabiwa kuwa ni kuulemaza. Basi fundi akikataa kazi hiyo, kamati isimwone mkorofi.

Katika Umoja wa Ulaya, magari mapya yote ya abiria yenye viti visivyozidi 9 yametakiwa kuwa na mfumo huo tangu tarehe 1 Novemba 2014. Tangu Julai 2024 agizo limefika kwa mabasi na malori mapya. Nchini Ujerumani mfumo wa magari hayo lazima ufanye kazi hata yakiwa na magurudumu ya baridi. Uingereza nayo, gari lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2012 au baadaye hushindwa ukaguzi wa kila mwaka iwapo taa inaonyesha kwamba mfumo una hitilafu. Kanada haina sheria ya taifa inayodai vihisi. Huko uamuzi ni wa mwenye gari.

Baridi hupunguza upepo

Hata pale sheria inapomwachia mtu hiari, baridi haimwachii. Upepo ndani ya tairi hupungua kwa takriban PSI 1 kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Tuseme dereva amejaza PSI 35 ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20. Asubuhi ya Jumapili nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Tairi halina pancha wala msumari, lakini geji itasoma karibu PSI 28. Limepoteza asilimia 20 kwa baridi peke yake.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa kanuni ya Marekani, taa inalazimika kuwaka upepo ukiwa umepungua kwa asilimia 25 chini ya kiwango kilichowekwa na mtengenezaji. Katika mfano wetu taa inaweza kubaki kimya. Kihisi ni mlinzi wa usiku anayepiga kelele mwizi akiwa tayari uani. Ni heri kuwa naye, lakini mlango tuufunge wenyewe.

Hatari ya basi dogo

Utafiti wa NHTSA wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa asilimia 74 ya mabasi madogo ya abiria 15 yalikuwa na matairi yenye upepo usio sahihi kwa kiasi kikubwa. Kwa magari madogo ya kawaida ilikuwa asilimia 39. Mamlaka hiyo ilikuwa imekwisha kuonya mwaka 2001 kwamba basi la aina hii likibeba watu 10 au zaidi, uwezekano wa kupinduka linapopata ajali huwa karibu mara 3 ya lile lenye abiria wachache. Mabasi haya hutumiwa sana na makanisa. Mara nyingi hulala siku sita na kuamka Jumapili likiwa limejaa watu, na hakuna aliyelikagua.

Zaidi ya hayo, katika mabasi mengi ya namna hii matairi ya nyuma huhitaji upepo mwingi kuliko ya mbele. Fundi akishafunga magurudumu ya baridi, aitambulishe kompyuta kila kihisi kiko wapi. Bila hivyo gari linaweza kupima tairi la nyuma kwa kipimo cha la mbele.

Gharama na hasara ya kutonunua

Tupige hesabu ya mfano. Kihisi kimoja kikiwa dola 60, vinne ni dola 240. Vikidumu miaka 7, ni kama dola 34 kwa mwaka, mbali na ufundi. Gari lililokosa vihisi huwasha taa ya onyo majira yote ya baridi. Katika magari mengi taa hiyo humetameta kwa dakika moja hivi, kisha hubaki inawaka kama ile ya upungufu wa upepo. Dereva huizoea, na siku akiendesha gari jingine ambalo taa yake inasema kweli, anaweza kuipuuza.

Kwa wanaotuma magari Afrika

Baadhi ya wafadhili hutuma magari yaliyotumika Ulaya kwa parokia za Kongo, Rwanda na Burundi. Tunawaomba wasiyatume yakiwa na matairi ya majira ya baridi. Mpira wake laini huisha haraka kwenye lami ya joto. Wakumbuke pia kwamba vihisi vya Ulaya hutumia masafa ya MHz 433, na vya Amerika Kaskazini kwa kawaida MHz 315. Kihisi cha gari la huku kinaweza kisisikike kabisa kwenye gari la kule. Parokia inayopokea gari lenye vihisi vilivyokufa isikate tamaa. Geji nzuri na ratiba ya kila juma vitalinda abiria.

Tunazishauri kamati

1. Hakikisheni kwanza gari lina mfumo gani.
2. Likiwa na vihisi ndani ya magurudumu, wekeni vihisi vya seti ya baridi katika bajeti ileile ya matairi, msivitenge kama anasa.
3. Mteueni mtu mmoja wa kupima upepo kila Jumamosi, matairi yakiwa ya baridi kabla ya safari, kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva, na aandike vipimo kwenye daftari.
4. Pimeni upya kila baridi inapozidi ghafla.
5. Gari la zamani lisilo na mfumo wowote halilazimiki kuongezewa. Fuateni namba 3 bila kukosa.

Mfadhili anayechangia gari amechangia pia usalama wa wanaolipanda, na daftari la upepo lililojazwa vizuri ni taarifa ya uwakili mwema kama ilivyo risiti ya mafuta.

Mungu awabariki na awalinde safarini.