Uniti 75 na Sufuria ya Maharage

Mwanafunzi anayepanga geto karibu na chuo cha uuguzi cha Murgwanza, wilayani Ngara, au pembezoni mwa mji wa Biharamulo, akitaka kujipikia huanza kwa kuulizia bei ya jiko. Jiko la koili moja, sufuria mbili na kisu hununuliwa mara moja, basi. Kinachorudi kila mwezi ni LUKU, na bei yake inategemea zaidi idadi ya vyumba vilivyofungwa kwenye mita moja.

TANESCO ina kundi la watumiaji wadogo, D1, ambalo hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ongeza VAT asilimia 18, REA 3 na EWURA 1, inakuwa shilingi 122. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya makato hayo, yaani 427. Nyumba ikizoea kuvuka huhamishiwa T1, ambako kila uniti, hata ile ya kwanza, ni 292. Pamoja na makato, karibu 356.

Koili ya wati 1,000 ikiwaka saa moja hula uniti moja. Saa moja kwa siku ni uniti 30 kwa mwezi. Weka 5 za taa na simu. Mwenye mita yake atalipa 35 mara 122, yaani shilingi 4,270. Sasa chukua vyumba vinne vya namna hiyo kwenye mita moja: uniti 140. Kwa T1 ni takriban shilingi 49,900, na kila chumba kinabeba karibu 12,500. Koili ni ileile, wali ni uleule, gharama imekaribia mara tatu.

Halafu kuna kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023, inayokatwa kwenye LUKU. Humwangukia anayenunua umeme wa kwanza mwezi unapoanza, ndiyo maana tarehe mosi kila mtu getoni hujifanya hana haraka ya kuwasha taa.

Wala si kwamba umeme haupo. Mtambo wa Rusumo, hapohapo Ngara, ni wa megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Fungu letu lingewasha koili zaidi ya 26,000 kwa mpigo.

Mlaji mkubwa wa uniti ni maharage. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka karibu nyuzi 95, si 100, kwa hiyo maharage huchelewa kuiva kuliko Dar es Salaam. Saa mbili za koili ni uniti mbili: shilingi 244 kwa D1, 712 kwa T1. Yaloweke usiku kucha, yapike kwenye sufuria ya presha ya umeme, na nusu uniti hivi itatosha. Anayekula ndizi na maharage mara nne kwa wiki aanze kuweka akiba ya sufuria hiyo kabla ya friji au redio.

Na gesi? Tuseme kujaza mtungi wa kilo 6 ni shilingi 24,000. Ukiondoa joto linalopotea pembeni ya sufuria, unabaki na kama uniti 42 zilizoingia chakulani, shilingi 570 kila moja. Kwa koili ya T1, kwa hesabu hiyohiyo, ni karibu 510. Kwa D1, 175. Gesi basi unainunulia siku umeme unapokatika, na dirisha liwe wazi. Mkaa usiuingize chumbani kabisa: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua waliolala.

Wenye nyumba wengine hufunga mita ndogo kwa kila chumba. Zinamaliza ugomvi wa nani kala umeme wa nani, lakini TANESCO bado inaona mita moja, na bei inabaki ya T1. Kwa hiyo kabla ya kulipa kodi ya miezi mitatu, uliza vyumba vingapi viko kwenye LUKU hiyo, na uombe kuona risiti ya mwisho: gawanya fedha kwa uniti, utajua uko ngazi ipi.